Namba Kumi na Saba Hulala Jumamosi

Mwezi uliopita walimzima Mama. Mama ni seva, mashine kubwa ya chuma iliyokuwa ikikaa kwenye chumba cha juu pale Igogo, Mwanza, ghorofani juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na aliyenipigia simu kunipa habari alizitoa kwa sauti ya msiba. "Dada Koku," alisema, "Mama anazimwa wiki ijayo, chumba tunakirudisha kwa mwenye nyumba. Wote mliowahi kufanya kazi hapa tunaomba mje tumuage." Walikuwa wamepanga Jumamosi. Nikawaambia kama wanataka Mzee Mafuru aje, wasahau Jumamosi, kwa sababu Mzee Mafuru, fundi aliyenifundisha kazi, ni Msabato wa Majita, na Jumamosi hata ukimwambia ziwa linawaka moto atakuuliza kama haliwezi kusubiri jua lizame. Wakahamishia Jumapili. Jumapili ni siku yangu mimi ya kanisani, lakini niliona kwa ajili ya mzee yule Mungu angenielewa. Nilikuwa na neno la kumwambia, na neno lenyewe nilikuwa nimetembea nalo kwa miaka mingi kuliko umri wa mwanangu wa kwanza. Nilinunua mkate wa kumpelekea mkewe, nikabadilisha gauni mara tatu, na bado nilifika nusu saa kabla ya wakati.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitano na nilikuwa kwenye majaribio ya miezi sita. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba, na kilikuwa na baridi kuliko mahali popote Mwanza, kwa sababu Mama alihitaji kiyoyozi mchana kutwa. Nje watu wanajifuta jasho, sisi ndani tumevaa sweta. Dirisha lilitazama mabati ya Igogo na kipande cha ziwa, na juu ya bati la jirani walikuwa wakisimama makorongo wale wenye vipara, kimya kabisa, kama watu wanaosubiri mshahara. Harufu ya dagaa wanaoanikwa ilipanda ngazi pamoja na sisi kila asubuhi. Ofisi ya meneja ilitengwa na chumba chetu kwa ukuta wa plaiwudi, kwa hiyo siri za kampuni tulizijua kabla hazijaandikwa. Chini, ubavuni mwa duka, kulikuwa na mama aliyepika ugali wa muhogo na samaki, na kila saa saba Mzee Mafuru alishuka akamuuliza swali moja, la siku zote: "Leo ni sato au ni kambare?" Akiambiwa kambare, alikula maharage. Samaki asiye na magamba hakupita kinywani mwake, wala chai ya majani, wala kahawa. Siku yangu ya kwanza kazini nilimkaribisha kahawa zetu za kutafuna nilizotoka nazo nyumbani Bukoba, kwa adabu zangu zote. Akazitazama kiganjani mwangu, akacheka, akasema, "Hizo ni za akina Nshomile wenyewe." Kuanzia siku hiyo ndilo likawa jina langu. Sisi Wahaya tunataniwa kwa jina hilo kwa kuwa tunasemwa tunapenda kujisifu kwa kusoma, na sikuwa na la kujitetea, maana dakika kumi tu zilizopita nilikuwa nimeshamweleza alama zangu zote za chuo.

Ni lazima nieleze kazi yenyewe, la sivyo kosa langu halitaeleweka. Ndani ya yule Mama mmoja wa chuma kulikuwa na kompyuta ishirini na kitu zisizo na mwili. Vitabu huziita mashine pepe. Sisi tuliziita watoto. Kila mtoto alikuwa na mteja wake: shule, duka la jumla, kituo cha afya, kiwanda cha samaki. Ukimwangalia kwenye skrini unaona kompyuta kamili inayofanya kazi, lakini ukifungua Mama kwa bisibisi humwoni mtu. Hata mtandao uliowaunganisha haukuwa na waya; ulichorwa tu, ukaishi humohumo ndani. Sasa kila mtoto, ili apatikane, alipaswa kuwa na namba yake, kama nyumba inavyokuwa na namba ya kiwanja. Namba hizo ziligawiwa na programu moja humo ndani ya Mama, ambayo Mzee Mafuru aliiita karani. Mtoto akiamka anamwomba karani namba. Karani kama hajaambiwa chochote, humpa yoyote iliyo wazi, na kesho akiamka tena anaweza kupewa nyingine. Ila ukimwambia karani kwamba namba fulani ni ya mtoto fulani, huiweka. Mtoto awe macho, awe amelala, ameondoka wiki nzima, namba yake haiguswi.

"Na usimwandikie mtoto namba kifuani," Mzee Mafuru alinifundisha wiki ya kwanza, akigonga skrini kwa ncha ya kalamu. "Vijana wengi wanaingia ndani ya mashine wanaiandika humo. Mtoto anajiita kumi na mbili, karani hajui, kesho karani anampa mwingine kumi na mbili. Wawili wanaitika jina moja. Iandike kwa karani, halafu iandike hapa." Hapa palikuwa ni daftari. Lilikuwa daftari kubwa la jalada gumu, lenye mistari aliyoipiga mwenyewe kwa rula: safu ya namba, safu ya jina la mtoto, safu ya mabadiliko, na safu ya mwisho ya saini. Watoto wote aliwapa majina ya visiwa vya ziwa letu, Ukara, Kome, Irugwa, Maisome. Anayegusa namba yoyote, hata kama amekosea akairudisha palepale, anaandika na anasaini. Kwenye mashine wote tuliingia kwa jina moja la siri, uzembe ambao leo ningemfukuza mtu kazi kwa ajili yake, kwa hiyo daftari ndilo pekee lililojua nani alifanya nini. Mimi niliyekuwa nimetoka chuoni na vyeti vyangu niliona daftari ni mambo ya kizamani. Leo ninaongoza watu kumi na wawili, na kila ninapokwenda huwa nauliza daftari liko wapi.

Namba kumi na saba ilikuwa ya Maisome, na Maisome kilikuwa kituo cha afya ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema, kinachoendeshwa na wazee wa Kisabato. Majina ya mashine yalikuwa yakipotea njiani kwenye laini ile ya ng'ambo, kwa hiyo Mzee Mafuru alikuwa amevuka kwa kivuko cha Busisi mwenyewe, akaenda kuandika namba kumi na saba kwa mkono kwenye kompyuta zao sita, moja moja. Kompyuta zile hazikujua Maisome ni nani. Zilijua kumi na saba. Na wazee wa kituo walikuwa na sharti moja. Sabato wagonjwa walitibiwa kama kawaida na kuandikwa kwenye karatasi, lakini mashine ipumzike. Walisema kama siku hiyo hata ng'ombe hafungwi jembe, mashine ni nani. Meneja alicheka, Mzee Mafuru hakucheka. Aliitega Maisome ijizime Ijumaa jioni jua likikaribia kuzama, na iamke yenyewe Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Haya yote nimeyajua baadaye. Wakati huo hakuna aliyeniambia, kwa sababu Jumamosi sikuwa na zamu, na kwa Mzee Mafuru mashine kulala Sabato lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba hakuona haja ya kulieleza, kama usivyomweleza mgeni kwamba usiku kunaingia giza.

Mwezi wangu wa tatu nilipewa Jumamosi ya kwanza peke yangu. Saa nne akaja mwakilishi wa kiwanda cha minofu ya samaki, mtu mnene mwenye haraka, akakaa kwenye kiti cha Mzee Mafuru bila kukaribishwa, kiti ambacho sisi wengine hatukukikalia hata mwenyewe akiwa likizo. Mashine yao mpya, Ukara, ilitakiwa ianze kazi siku hiyo, na walikuwa wameahidiwa namba ya kudumu. Namba za kudumu zilikuwa ishirini za mwanzo tu, na zote zilikuwa zimejaa. Nikazipitia kwenye skrini. Watoto waliokuwa macho walionyesha kijani. Mmoja tu alikuwa kijivu, kumi na saba. Nikajiambia huyu amekufa, wamesahau kumzika. Nilimpigia Mzee Mafuru, simu imezimwa, bila shaka yuko kanisani. Kanuni niliijua: usifute namba ya mtu bila kuuliza, na kama wa kumuuliza hayupo, subiri. Lakini yule mtu wa kiwanda alikuwa anagonga meza kwa funguo za gari, nami saa nane nilikuwa na mazoezi ya kwaya, na kusema kweli nilitaka Jumatatu waambiwe kwamba Koku peke yake Jumamosi moja kamaliza kazi ya wiki. Nikamfutia Maisome, nikampa Ukara kumi na saba. Kwenye daftari nikakata mstari, nikaandika Ukara kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, na kabla sijasaini yule mtu wa kiwanda akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kuingia. Nikamwonyesha. Nikafunga chumba, nikakimbilia kwaya.

Jumapili nilitoka ibadani nikakuta simu kumi na tisa ambazo sikuzipokea, nyingi za Bhoke, nesi wa ng'ambo. Nilimpigia nikiwa bado nimevaa joho. "Dada, ni nini mnatufanyia?" alisema, bila hata salamu, na Bhoke ni mtu wa salamu. "Nimefungua mashine nitafute faili la mtoto, naona picha ya sangara. Sangara, dada. Ananiuliza kilo ngapi." Maisome alikuwa ameamka alfajiri akiwa mzima wa afya, akaomba namba, karani akampa arobaini na tatu, naye akakaa huko akisubiri watu ambao hawakujua kahamia wapi. Kwenye skrini ya Igogo kila kitu kilikuwa kijani. Ng'ambo kulikuwa na mama amembeba mtoto wa miaka minne mwenye homa kali. Bhoke alikumbuka kwamba kwenye faili la yule mtoto kuna alama nyekundu, kuna dawa moja mwili wake unaikataa, na mara ya mwisho nusura imuue. Hakukumbuka ni dawa ipi. Mama mtu naye hakujua jina lake. Bhoke akaweka sindano chini, akamwambia mama wasubiri, na wakasubiri saa mbili wakimpangusa mtoto kwa maji, homa ikipanda. Mzee Mafuru, ambaye alifanya kazi Jumapili ili kufidia Jumamosi yake, alifika saa tatu, akaona kila kitu kijani, akafungua daftari. Kufikia saa tano, namba kumi na saba ilikuwa imerudi kwa mwenyewe, faili likafunguka, mtoto akapewa dawa nyingine. Alipona. Ninaliandika hilo mapema kwa sababu mimi mwenyewe nilikaa mpaka jioni bila kujua.

Jumatatu nilifika mapema nikiwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimeyaweka maneno kwa mpangilio, kwanza shikamoo, halafu kosa, halafu naomba msamaha. Mzee Mafuru alikuwa ameshaitwa ndani. Nikakaa kwenye meza yangu na kikombe cha chai na chapati, na plaiwudi ikafanya kazi yake.

"Barua yao hii hapa," sauti ya meneja ilisema. "Wanasema mtoto angekufa. Wanataka jina, na mimi nataka jina."

"Kazi ya namba ni yangu," alisema Mzee Mafuru. "Andika Mafuru."

"Namba imebadilishwa Jumamosi saa tano, nimeona kwenye mashine. Jumamosi saa tano wewe ulikuwa wapi?"

Nilisikia feni za Mama, nikasikia mtu dukani chini akipimiwa misumari.

"Andika Mafuru," alisema tena.

"Kwa hiyo miaka yote hii unatuambia Jumamosi huwezi, kumbe ukitaka unakuja?"

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Namfahamu, ndiyo ingekuwa uongo, na hapana ingekuwa kunitaja mimi.

"Basi sawa," meneja akasema. "Kuanzia wiki hii Jumamosi ni zamu yako."

"Hiyo siwezi."

"Juzi uliweza."

"Siwezi, Meneja."

"Basi mwisho wa mwezi tuachane kwa heri."

Chapati ilikuwa mdomoni mwangu, haiendi mbele wala hairudi. Kutoka kwenye kiti changu mpaka mlango wa meneja zilikuwa hatua sita, nimezihesabu mara nyingi tangu hapo. Nilikuwa na miezi mitatu ya majaribio iliyobaki na nilikuwa nimewatambia watu wote nyumbani. Sikusimama. Mlango ukafunguka, Mzee Mafuru akatoka, akakaa kwenye kiti chake, akavuta daftari karibu. "Nshomile," akasema, "chai yako inapoa." Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku. Kufika mchana ofisi nzima ilikuwa na habari, na pale chini kwenye ugali nikasikia wanaume wawili wa dukani wakitaniana kwamba kumbe Sabato nayo ina mlango wa nyuma. Mzee Mafuru alikuwa hatua tatu kutoka kwao, anachambua sato. Aliendelea kuchambua. Mimi ndiye niliyeacha samaki wangu, nikapanda juu kulia nyuma ya Mama, mahali penye kelele za feni.

Wiki yake ya mwisho alitaka twende wote ng'ambo, nizifahamu zile kompyuta sita. Tulipanga foleni ya kivuko Kigongo tangu asubuhi, tukala mahindi ya kuchoma, akanieleza kila aina ya samaki ambaye Mungu hakumpa magamba na kwa nini. Alikuwa mchangamfu kuliko mimi. Kule kituoni Bhoke alituonyesha benchi alipokaa na yule mama, na kama bahati mbaya ingekuwa mtu, ingekuwa imekaa pale inatungoja, kwa maana mama mwenyewe alikuwepo, kamleta mtoto aangaliwe. Mtoto alikuwa anakimbia koridoni na kiatu kimoja. Bhoke akasema, "Hawa ndio wa Igogo, wenye mashine." Yule mama akapiga goti kidogo, akatusalimu, akatoa kwenye kikapu michembe imefungwa kwenye kitambaa, akanipa mimi kwa mikono miwili. "Ahsanteni," alisema. "Nesi ameniambia nyie ndio mlilirudisha faili." Niliipokea. Sijawahi kupokea kitu kizito kama viazi vikavu vile.

Kwenye kivuko tukirudi nilisimama karibu na ukingo, nikaanza. "Mzee, ile Jumamosi..." na hapohapo machozi yakanitoka, yakaja na kwikwi, watu wakageuka. Mzee Mafuru alinipa leso yake. "Sasa hivi usiseme," aliniambia. "Unalia. Mtu akisema analia, anayemsikiliza hana la kufanya ila kumbembeleza. Utaniambia siku ambayo huna machozi." Nikadhani ni kesho au keshokutwa. Ijumaa yake ya mwisho alizungusha macho chumbani, akaacha sweta yake kwenye kiti, akaondoka kabla jua halijazama kama Ijumaa zote. Alirudi Majita kulima na kutengeneza redio za watu. Mimi nikathibitishwa kazini. Nikawa fundi mkuu, nikaolewa, nikaenda Dodoma, nikarudi, na kila mwaka nilisema nitamtafuta. Aibu ina tabia mbaya, kadiri unavyoiweka ndivyo inavyohitaji nafasi kubwa zaidi. Niliposikia kwamba amehamia Buswelu, kwa binti yake Neema, nilikuwa nikipita njia ile kila wiki na sikukata kona hata mara moja. Siku daraja la Busisi lilipofunguliwa nilivuka ng'ambo kwa dakika chache tu, mahali tulipokuwa tukipoteza nusu siku, na nikajikuta nakasirika, kana kwamba daraja limeninyang'anya ule muda ambao ningeweza kusema.

Basi Jumapili hiyo ya kumuaga Mama tulijaa kwenye kile chumba chembamba, watu wazima wenye vitambi na miwani, tukipiga picha na mashine. Nywele za Mzee Mafuru zilikuwa nyeupe zote. "Shikamoo Mzee," nilisema, na goti langu likashuka lenyewe. "Marahaba, Nshomile. Umenenepa, vizuri." Aliyepewa kazi ya kuzima alibonyeza, feni zikapungua, zikapungua, zikanyamaza, na kwa mara ya kwanza nikasikia chumba kile kikiwa kimya. Watu walipewa ruhusa kuchukua ukumbusho. Mmoja akachukua kibao cha mlangoni, mwingine kipande cha waya. Mzee Mafuru aliomba daftari tu, lilikuwa kwenye kabati la chini, limefunikwa na vumbi na mavi ya panya, akalipangusa kwa kiganja, akalitia kwapani. Halafu akasema mkewe amepika, wanaotaka sato waje Buswelu. Wengine walikuwa na safari zao. Nikaenda mimi peke yangu.

Mkewe, Mama Neema, alikuwa ametandika meza barazani, ugali wa muhogo umefunikwa, sato wawili wa kuchoma, na jagi la mchaichai. Alipokea mkate wangu akaubusu, akaniambia mzee hunitaja. Sikuuliza hunitajaje. Nikasubiri mkewe aingie jikoni kuleta limau, nikajikagua macho kwa kidole. Yalikuwa makavu.

"Mzee," nilisema, "ile namba niliigawa mimi. Jumamosi ile. Nilijua kanuni, nikaona uvivu kusubiri, nilitaka sifa. Halafu Jumatatu nilisikia kila kitu kwenye plaiwudi, nikakaa. Ulipoteza kazi kwa ajili yangu na watu wakakucheka dini yako, na mimi nilikuwa nakunywa chai."

Alinitazama machoni, akiangalia kama kuna machozi, nadhani.

"Haya," alisema. "Umesema vizuri." Akanawa mikono upya, akaikausha, akalichukua daftari kutoka kwenye kiti. "Na mimi nilikosea. Sikukwambia kwa nini Maisome inalala. Nilidhani dunia nzima inajua Sabato ni lini." Akafungua, akalamba kidole, akafunua kurasa mpaka alipopataka, akaligeuza upande wangu.

Ukurasa huo sikuwa nimethubutu kuufunua tangu wiki ile. Niliuona mwandiko wangu wa wakati ule, mzuri, wa kujionyesha. *Kumi na saba: Ukara.* Chini yake mwandiko wake uliolala: *Kumi na saba: imerudi Maisome, Jumapili*, na saini yake ndefu, Mafuru. Safu ya saini kwenye mstari wangu ilikuwa tupu. Nilifikiri angekuwa amejaza jina lake, maana mbele ya meneja alisema liandikwe jina lake. Hakujaza. Kwenye kurasa zote zilizofuata, miaka yote ya watu wengine na visiwa vingine, hakukuwa na mstari mwingine usio na saini.

"Ulimwambia meneja aandike Mafuru," nilisema.

"Kwenye barua yake. Barua ni yake, aandike anachotaka." Aliweka kidole chake kikubwa cha fundi kando ya ile nafasi, bila kuigusa. "Hii haikuwa yangu."

"Na kama nisingekuja?"

"Ingekaa."

Mama Neema alirudi na limau, akatukuta tumeinamia daftari, chakula kimefunikwa. "Kinapoa hiki," alisema. Mzee Mafuru akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati, akaifungua, akanipa. Nikasaini. Saini ikatoka mbaya kuliko ninazoweka benki. Kisha nikakumbuka kanuni yake, kwamba saini bila tarehe ni mchoro tu, nikamuuliza niweke tarehe ya ile Jumamosi.

"Siku ile hukusaini," alisema Mzee Mafuru, akivuta sahani. "Weka ya leo."

Nikaweka ya leo.